Jinsi Nilivyomkagulia Sila Nyumba ya Kitengela

Akina mama wa kwaya, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake. Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza nikisaga mahindi, na juzi mmoja wenu (sitamtaja, anajijua) akaninong'oneza katikati ya maombi, "Mwalimu, kwani Kitengela kulienda aje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia kuna mtu anaongeza yake. Nimesikia eti nimenunua nyumba. Nimesikia eti nilifukuzwa na mbwa! Basi nimeketi nikaandika mwenyewe. Pitishianeni hili daftari, na mtu asinikunjie kurasa.

Sila mnamjua, mdogo wangu Silantoi, yule aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kabla hajaenda Doha. Huu ni mwaka wa kumi na moja akitunza wazee wa watu huko. Sasa amechoka, anataka kurudi, na ameona nyumba kwenye simu: vyumba vitatu, paa jekundu, ukuta wa rangi ya maziwa, iko Kitengela. Wakili alishaangalia mambo ya hati, hayo siyaandiki hapa kwa sababu hata mimi yalinipa usingizi. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kuingia ndani na kuangalia kama nyumba ni nzima. Broka alikuwa na mnunuzi mwingine, akampa Sila mpaka Alhamisi saa kumi jioni. Ikifika saa kumi bila jibu, nyumba imeenda.

Mtu wa kutumwa nikawa mimi. Lakini mjue kwamba mimi na Sila tuko na kesi ya zamani. Kuna mwaka alitaka kununua ploti Kisaju, nikamkataza. Nilimwambia, "Utaishi huko na nani, pundamilia?" Akanisikiza. Mnapita Kisaju siku hizi, mnajionea wenyewe palivyojengeka. Kwa hivyo safari hii aliniambia hivi, na nanukuu neno kwa neno: "Dada, nenda. Lakini ukiniambia hapana, nipe sababu ninayoweza kuiona na macho yangu. Sitaki maneno ya pundamilia."

Neno hilo lilinichoma. Nikajibu, "Sawa," nikaenda kumtafuta Fundi Mwangi.

Loitokitok hadi Emali

Fundi Mwangi ndiye aliyetujengea lile darasa la chekechea ambalo limekataa kupasuka mpaka leo. Maneno yake kwa siku ni kumi, na saba kati ya hayo ni "mm". Alikuja stendi Jumanne alfajiri na mfuko mmoja: timazi, pima maji, shilingi ishirini ya kugongea vigae, na gololi moja ya kioo. Nikamuuliza gololi ni ya nini. Akasema, "Mm."

Tulipanda pikapu ya Parsaloi, anayepeleka kabichi Kitengela, watatu mbele na kabichi nyuma. Nilikuwa nimekadiria safari ya saa tano tu. Mungu anisamehe! Kabla ya Emali gurudumu likapasuka, na la akiba, Parsaloi akakumbuka hapo hapo, alikuwa amemwazima shemeji yake.

Emali tulikaa mpaka saa sita mchana tukingoja gurudumu. Nilikunywa chai tatu na mandazi yasiyopungua manne. Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa akiuza maembe kando yangu akataka kujua ninaenda wapi na huyu mzee na mfuko wake.

"Tunaenda kukagua nyumba," nikamwambia.

"Kukagua nini? Si unaingia, unaona kama iko na sinki?"

"Tunaangalia kama iko na kasoro."

"Aa! Mama, kila nyumba iko na kasoro. Hata yangu iko na bwana."

Fundi alicheka mpaka akamwaga chai. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake. Mimi nilinunua maembe sita kwa furaha, manne yakawa yameoza.

Mashuuru

Parsaloi alisema tukate kwa barabara ya Mashuuru, ni karibu zaidi. Kumbe ilikuwa siku ya soko la mifugo na yeye alikuwa na mpango wake wa kununua beberu.

Sasa nyinyi mnajua watu wetu wa Umaasaini. Mwanamume akitaka mbuzi wako hawezi kukuuliza bei ya mbuzi. Kwanza, "Sopa!" Halafu habari za mvua, ng'ombe, watoto, baba yako mgonjwa, baba yako alipona lini, majani yako vipi upande wa kwenu. Parsaloi na mwenye beberu walisimama juani wameegemea fimbo, wanapeana habari za ukoo mzima, na beberu amesimama katikati akitazama huyu na yule. Mimi niko ndani ya gari naangalia saa. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Parsaloi! Muulize bei twende!"

Wazee wote wa soko wakanigeukia. Parsaloi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tafadhali. Tunaongea na mtu."

Nikarudisha kichwa ndani. Lakini nilinung'unika sana, nikamwambia Fundi kwamba hii tabia yetu ya kuzunguka ndiyo inatuchelewesha maishani, na mtu mwenye akili husema shida yake mara moja. Kumbukeni nilisema hivyo, kwa sababu huko mbele nitaaibika.

Tulikula nyama choma na ugali hapo Mashuuru, na sitaisema vibaya, ilikuwa nyama ya maana. Tulipoondoka, beberu alikuwa nyuma juu ya kabichi. Hakuna aliyefikiria jambo hilo vizuri. Kilomita ishirini mbele Parsaloi aliangalia kioo akatoa mlio, na tuliposimama tukakuta beberu ameshakula kabichi kumi na moja na anaanza ya kumi na mbili bila haraka yoyote.

Kajiado

Kufika Kajiado jua linazama, na Parsaloi akakataa kuendelea mpaka apange upya kabichi zake, zile zilizong'atwa akazificha chini. Tukatafuta pa kulala. Dada wa mapokezi alinitazama, akamtazama Fundi, akaweka ufunguo mmoja juu ya meza.

"Vyumba ni viwili," nikasema.

"Mama, kitanda ni kikubwa."

"Huyu si mume wangu. Huyu ni fundi wangu."

Yule msichana akakaza midomo asicheke. "Sawa mama. Hata hiyo tunaelewa."

Nilimpa somo la dakika kumi kuhusu heshima, sauti ile ya darasa la tatu, mpaka wateja wakatoka vyumbani kusikiza. Fundi alisimama kando akitazama dari. Nilipomaliza, akanyoosha kidole juu akasema, "Inavuja hapo." Kweli ilikuwa inavuja. Tulipewa vyumba viwili na chai ya bure, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu yangu au ya dari.

Jumatano ikaisha hivi hivi, kwa sababu pikapu ilikataa kuwaka na mekanika alikuwa kwenye matanga. Sila alipiga simu mara nne. "Dada, mko wapi?" Kajiado. "Bado Kajiado?" Bado Kajiado. Mara ya nne hakuniuliza tena, alisema tu, "Kesho saa kumi," akakata. Nililala na wasiwasi mbaya.

Kisaju

Hapa sitaki kuandika mengi. Nilikaa upande wa dirisha na nikaamua kutazama magoti yangu. Lakini Parsaloi, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Mwalimu, si hapa ndipo Sila alikuwa anataka ploti?" Nikainua macho. Pana gorofa tatu, kituo cha mafuta, na duka la keki. Keki!

Fundi alitazama, akanitazama mimi, kwa huruma akasema, "Mm."

Kitengela, geti jeusi

Tulishushwa Alhamisi saa saba na nusu. Broka alikuwa ametuelekeza kwa simu: mkipita tangi la maji, hesabu geti la tatu, jeusi, mama mmoja atawafungulia, mimi nitawakuta. Tukapita tangi. Mageti yote ya mstari ule ni meusi, na nyumba zote ni paa jekundu. Nikahesabu tatu, nikabisha. Mnisikize: mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini na saba. Lakini lile geti la kwanza lilikuwa limefunikwa na maua, nikadhani ni kichaka tu.

Akafungua mama wa umri wa Sila, amevaa shanga, uso mchangamfu. "Takwenya!" nikamsalimu, na yeye, "Iko!" Nikafurahi kumpata mtu wetu.

"Karibuni, karibuni! Nimewangoja sana. Na huyu ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Ashe oleng! Asanteni sana! Ingieni. Chai kwanza."

Na hapo ndipo nilipoangukia shimo langu mwenyewe. Kwetu mgeni haulizwi amekuja kufanya nini kabla hajanywa chai. Na mgeni naye, akiwa na adabu, hasemi mpaka aulizwe. Huyu mama, jina lake Mama Lemayian, alikuwa na adabu na mimi nikawa na adabu. Akaniuliza habari za mvua. Nikampa. Akaniuliza kama tulipita Mashuuru.

"Tulipita."

"Hawajambo huko?"

"Hawajambo kabisa, na soko lilijaa."

Akashukuru Mungu, akaongeza sukari. Fundi hakungoja. Alitoa gololi akaiweka mlangoni mwa sebule. Gololi ikafikiria kidogo, ikaanza kutembea yenyewe, ikapita chini ya meza, ikaongeza kasi, ikagonga ukuta wa jikoni. Mama Lemayian akacheka. "Hata watoto wangu hucheza hivyo."

Fundi akapiga magoti kwenye mlango wa chumba, akapapasa chini yake. "Umerandwa mara ngapi?"

"Mara tatu! Mvua ikinyesha unakwama. Jua likiwaka unabaki na nafasi, panya anapita amesimama."

Nikashangaa. Nimeona wauzaji maishani, lakini huyu? Nikamwambia, "Mama, wewe ni mtu mkweli sana."

"Sasa nifiche nini, Yeyo, mama yangu? Nikificha nitasaidika aje?" Akaenda ukutani akaondoa kalenda. "Na hii hamjaona." Nyuma ya kalenda palikuwa na ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Fundi aliingiza kidole, kikaingia chote. Akatuonyesha mwingine nyuma ya kabati, na mwingine bafuni, kwa bidii ya mtu anayetembeza wageni shambani kwake.

"Aliyejenga nyumba hii afungwe," nikasema.

"Afungwe kabisa!" akajibu.

Moyoni nikasema, Kitengela kuna watu wameokoka.

Fundi akaomba jembe, akachimba kando ya msingi nje. Udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Akachimba mpaka usawa wa goti, akafikia chini ya msingi, na bado ni mweusi. Akainuka akajifuta jasho na kusema maneno yake mengi zaidi ya wiki ile: "Hawakuondoa udongo. Walijenga juu yake tu. Hii nyumba inapanda na kushuka kila msimu."

Simu yangu ikalia. Ni broka. "Mwalimu, mko wapi? Nimewangoja kwa geti saa nzima!"

"Sisi tuko ndani."

"Ndani wapi?"

Nikatoka nje, simu sikioni. Kwenye geti tulilokuwa tumelipita alisimama kijana wa viatu vilivyochongoka, simu sikioni. Tukatazamana.

Nyuma yangu Mama Lemayian akauliza polepole, "Kwani nyinyi hamkutumwa na ndugu yangu wa Mashuuru? Miezi minne namwomba aniletee fundi."

Nilitamani ardhi inimeze, na pale ilikuwa imeshafunguka tayari. Nikamweleza. Mama Lemayian alinitazama, akamtazama Fundi na jembe lake, akatazama shimo kwenye bustani yake, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Nikacheka na mimi. Fundi akaanza kufukia shimo kwa haraka.

Geti lenyewe

Nyumba ya Sila ilikuwa nzuri, jamani. Rangi mbichi mpaka shuka langu likatoka na alama. Vigae vipya, milango mipya. Fundi akaweka gololi, ikatulia tuli. Akagonga vigae na ile shilingi ishirini, akapima kuta kwa timazi, akatoka nje, akakuta sementi mpya imemwagwa kuzunguka nyumba nzima, hakuna pa kuchimba. Alirudi amekunja uso.

Mama Lemayian alikuwa amesimama getini kwake. Akasema kwa sauti, bila kumwogopa mtu, "Hizi nyumba ni mapacha. Zilijengwa wakati mmoja, na mtu mmoja. Waliokaa hapo walihama kwa sababu ya nyufa, na mafundi wa kuziba wametoka juzi."

"Huyu ana wivu tu," broka akasema, akatazama saa. "Mama, saa tisa na nusu."

Basi nikampigia Sila kwa video. Nikamzungushia vyumba vyote, akiona kila kona, na nikaona uso wake ukifunguka. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kazi, yuko jikoni kwa watu.

"Ni nzuri, Dada."

"Sila, hapana."

Uso ukajifunga. "Hapana kwa nini? Naona ukuta mzuri."

"Chini ni udongo mweusi."

"Umeuona?"

"Sijauona hapa. Nimeuona kwa jirani."

"Kwa jirani!" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, ni pundamilia tena?"

Mbele ya broka na Fundi na mtaa mzima machozi yalinitoka, na sioni haya kuwaambia. Ningeweza kumwambia anunue. Angefurahi, na mimi ningekuwa dada mzuri mpaka mvua ya kwanza. Nikashika simu nikavuka kwa jirani, nikamwonyesha gololi, mlango, ufa wa kalenda na kidole cha Fundi ndani yake. Yeye akarudia, "Lakini hiyo si nyumba yangu, Dada. Hiyo si yangu."

Mama Lemayian akanyoosha mkono akachukua simu bila kuniomba.

"Dada, habari yako. Mimi nilikuwa Dubai miaka saba. Hii nyumba nililetewa picha, na ilikuwa imepakwa rangi hiyo hiyo. Nikatuma pesa. Siku nimerudi na watoto ndio niliona mlango haufungi."

"Na hukutuma mtu aje aangalie?" Sila akamuuliza, kwa ukali kidogo.

"Sikuwa na mtu wa kutuma."

Nikamwona Sila akifungua kile kitambaa cha kazi. "Nilikuwa nimeshapanga kitanda kitakaa wapi," akasema. "Nimechoka kulala kwa nyumba za watu." Akalia, na mimi nikalia, na Mama Lemayian ameshika simu katikati yetu naye analia. Broka akaenda kusimama kwa gari lake.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano Sila aliposema, "Dada, mwambie hapana." Nilimwambia broka, na nilimwambia kwa ile sauti ya darasa la tatu.

Halafu Sila akapiga simu tena. Alitaka kujua kama Fundi anaweza kubaki siku mbili tatu, kwa gharama yake yeye, amtengenezee yule mama chochote kinachowezekana. Fundi alisema anaweza kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi na kuweka mabomba ya kukinga maji ya mvua kwenye paa. Haitakuwa nyumba mpya, lakini haitazidi kuharibika.

Kurudi

Ndiyo maana nilirudi peke yangu, na zile hadithi zenu kwamba nilimwacha mzee wa watu Kitengela na mwanamke mziache. Alirudi Jumanne iliyofuata, amenenepa kwa chapati za Mama Lemayian, na ana maneno kumi na tano kwa siku sasa.

Sila anafika mwezi ujao. Nyumba bado hajapata, tutaendelea kutafuta pole pole. Kwa sasa nimetoa magunia ya vitunguu kwenye chumba changu cha nyuma. Nilimwambia kwa simu kwamba harufu haitaisha haraka. Akasema harufu haina shida, anachotaka ni ufunguo wake mwenyewe, ili asibishe hodi. Jana nimeuchongesha, na nimeshaujaribu mlangoni mara tatu.